Kuota kwa Moshi: Kichaka cha Audouinia capitata na Mafunzo Yake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanamwangalia mmea mmoja mdogo, Audouinia capitata, unaomea katika vichaka vya Rasi ya Tumaini Jema nchini Afrika Kusini, kwa jicho la mwanafunzi wa Kiswahili. Mwaka 1990 mmea huu uliwawezesha wanasayansi kuonyesha kuwa moshi, hata pasipo mwale wa moto kuzigusa mbegu, unaweza kuziamsha zikaota. Ugunduzi huo unaidai lugha itofautishe moto, joto na moshi, kisha itofautishe kuota na kuchipua. Makala yanajadili namna Kiswahili kinavyoweza kulikidhi dai hilo kwa kutumia hazina yake yenyewe na kwa kukopa kwa utaratibu, na yanapendekeza istilahi nane za kuanzia mjadala.

1. Utangulizi

Wahenga walisema kuwa moto huzaa jivu. Methali hii hutumiwa pale mzazi mwenye sifa na uwezo anapopata mwana asiyefanana naye hata chembe. Maana yake ya ndani imejengwa juu ya maana yake ya nje: moto una nguvu, mwanga na joto, ilhali jivu ni baridi na aghalabu hutupwa. Kwa yeyote aliyewahi kuzoa jivu mekoni, uchunguzi huo hauna kasoro.

Hata hivyo, iko sehemu ya bara letu ambako moto huzaa zaidi ya jivu. Katika ncha ya kusini-magharibi ya Afrika Kusini, mlima ukishaungua na mvua za kwanza zikanyesha, miche ya mimea isiyoonekana kwa miaka mingi hujitokeza katikati ya weusi wa makaa. Kwa muda mrefu wataalamu wa mimea walijua kuwa moto una mkono wake katika jambo hilo. Kilichowatatiza ni kujua ni kitu gani hasa katika moto kinachoziambia mbegu kuwa wakati umewadia.

Huenda msomaji akauliza: swali la wataalamu wa mimea linawahusuje wanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini iliidhinisha Kiswahili kifundishwe kama somo la hiari katika shule zake. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikipokea kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Tumeyashangilia maazimio haya, na tulikuwa na haki ya kuyashangilia. Lakini lugha inayodai kuwa ya bara zima sharti iweze kulisema bara hilo, milima, mito na mimea yake, kwa usahihi ule ule ambao mtaalamu angeutarajia katika lugha nyingine yoyote. Dai letu litapimwa kwa sentensi tunazoziandika. Makala haya yanajaribu kuandika sentensi chache za aina hiyo kuhusu kichaka kimoja, na kuonyesha ni wapi lugha inatiririka na ni wapi inakwama.

2. Kichaka na Makao Yake

Audouinia capitata ni kichaka kifupi, kwa kawaida kisichozidi mita moja kwenda juu. Majani yake ni madogo, membamba, na yamebanana juu ya matawi. Maua yake hukusanyika penye ncha za matawi na kufanya kichwa kimoja kilichoshikamana, chenye rangi ya waridi hadi wekundu uliokolea. Sehemu ya pili ya jina lake la kisayansi inatokana na sifa hiyo: capitata katika Kilatini ni “-enye kichwa”. Sehemu ya kwanza ni jina la heshima alilopewa mwanasayansi Mfaransa, Jean Victor Audouin (1797–1841). Kwa hivyo jina zima lina kumbukumbu ya mtu na maelezo ya umbo, njia mbili za kuunda majina ambazo hata lugha zetu huzitumia.

Mmea huu ni wa familia ya Bruniaceae, yenye spishi zipatazo 80. Takriban zote hupatikana katika eneo la Cape peke yake, wala hazimei kiasili mahali pengine popote duniani. Hali hiyo si ya familia hii tu. Eneo la mimea la Cape lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 90,000, yaani chini ya moja ya sita ya eneo la Kenya, lakini lina spishi za mimea zipatazo 9,000, na zaidi ya nusu yake ni za huko tu. Mwaka 2004 UNESCO iliziingiza hifadhi kadhaa za eneo hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2015 mipaka ya urithi huo ikapanuliwa.

Sehemu kubwa ya uoto huu huitwa kwa neno la Kiafrikana, fynbos. Fyn ni “laini” au “-embamba”, na bos ni “kichaka”. Jina hilo linarejelea majani membamba ya mimea mingi ya huko. Tutarudi katika neno hili baadaye, maana namna ya kuliandika kwa Kiswahili ni tatizo la kiisimu lenye uzito wake.

Tabianchi ya mahali hapa ni kinyume na tuliyoizoea Afrika Mashariki. Mvua nyingi hunyesha katika miezi ya baridi, kuanzia Mei hadi Agosti. Kiangazi, hususan Desemba hadi Machi, ni kikavu na huwa na upepo mkali wa kusini-mashariki. Vichaka vyenye majani membamba, vingi vikiwa na mafuta yanayowaka kwa urahisi, hukauka katika kipindi hicho. Cheche moja ya radi, jiwe linaloporomoka au mkono wa binadamu hutosha. Kwa kawaida sehemu moja ya mlima huungua mara moja katika kila miaka 10 hadi 20 hivi. Wafugaji wa Kikhoikhoi waliujua mzunguko huu karne nyingi kabla ya wageni kutia nanga, na waliichoma nyika ili mifugo yao ipate malisho mapya.

3. Moto, Joto na Moshi

Kabla ya mwaka 1990, maelezo ya kwa nini miche huzuka baada ya moto yalikuwa ya aina tatu. La kwanza lilikuwa joto. Mbegu za mimea mingi ya jamii ya kunde zina ganda gumu lisilopitisha maji. Joto hulipasua ganda hilo, maji yakaingia. La pili lilikuwa jivu, ambalo huurudishia udongo madini. La tatu lilikuwa nafasi: mimea mikubwa ikishateketea, mwanga hufika chini na miche haina wa kushindana naye. Maelezo yote matatu yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, zilikuwako mbegu ambazo ziliwekwa katika joto, zikapewa maji na mwanga, na bado hazikuota.

Mbegu za Audouinia capitata zilikuwa miongoni mwa hizo. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Afrika Kusini, J. H. de Lange na C. Boucher, walichapisha katika jarida la botania la nchi hiyo matokeo ya uchunguzi wao kuhusu kichaka hiki. Walionyesha kuwa moshi wa mimea inayoungua, pasipo moto wenyewe kuzifikia mbegu, ni ishara tosha ya kuziamsha. Kabla ya hapo, moshi ulikuwa umechukuliwa kuwa takataka ya moto, kitu kinachopaa na kupotea. Sasa ulionekana kuwa mjumbe.

Ukifikiri, mjumbe huyu anafaa kuliko wengine. Joto la moto wa vichaka hupungua upesi kadiri mtu anavyochimba udongoni, kwani udongo ni kipitishi duni cha joto. Kwa hiyo mbegu iliyofukiwa chini zaidi huenda isilipate joto hilo hata kidogo, nayo iliyo juu kabisa huenda ikaungua. Moshi, kinyume chake, huacha chembechembe zake juu ya udongo na majivu. Mvua za kwanza za msimu wa baridi huziyeyusha na kuzishusha hadi mbegu zilipo. Mbegu hupata habari mbili kwa wakati mmoja: kuwa moto umepita, na kuwa maji yamefika.

Baada ya 1990 utafiti ulienea haraka. Katika bustani ya taifa ya Kirstenbosch, iliyoko kwenye miteremko ya mlima mjini Cape Town, mtafiti N. A. C. Brown na wenzake waliujaribu moshi kwa spishi nyingi za vichaka vya Cape, na nyingi ziliitikia. Ilibainika pia kuwa moshi ukipitishwa katika maji, maji hayo hubeba nguvu ile ile. Kutokana na ugunduzi huo zikatengenezwa karatasi zilizolowekwa katika maji ya moshi na kukaushwa. Mkulima wa maua huziloweka tena pamoja na mbegu zake, asiwashe hata kijinga kimoja.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kusimama. Mfasiri akiandika kuwa “mbegu za mmea huu huota kwa moto”, atakuwa ameandika Kiswahili kisicho na kosa la sarufi, lakini atakuwa amesema uongo wa kisayansi. Msomaji anayeiamini sentensi hiyo ataziweka mbegu zake adimu juu ya makaa, naye atavuna jivu la methali. Tofauti kati ya moto na moshi katika sentensi hiyo ni tofauti kati ya kuupoteza mmea na kuuhifadhi.

4. Kutoka Moshi hadi Karikini

Swali lililofuata lilikuwa la kikemia. Moshi ni mchanganyiko wa maelfu ya kemikali. Ni ipi inayoziamsha mbegu? Jibu lilichukua zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2004 makundi mawili yalichapisha jibu moja, kila moja kwa njia yake. Kundi la Australia Magharibi, likiongozwa na Gavin Flematti, lilitumia moshi wa karatasi ya kuchujia iliyochomwa. Kundi la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, likiongozwa na Johannes van Staden, lilitumia moshi wa mimea. Kampaundi waliyoipata inafanya kazi katika kiwango kidogo mno, hata chini ya sehemu moja katika sehemu bilioni moja. Tangu hapo kampaundi nyingine za familia hiyo zimetambuliwa, na imedhihirika kuwa moshi una ishara zaidi ya moja.

Kwa mwanaisimu, sehemu inayosisimua zaidi ni jina. Mwaka 2009 familia hiyo ya kampaundi iliitwa karrikin. Watafiti hawakuliunda jina hilo kutoka Kilatini wala Kigiriki kama ilivyo desturi. Walilichukua neno karrik, ambalo maana yake ni “moshi” katika lugha ya Wanoongar, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Australia, wakaliongezea kiambishi kinachotumiwa na wanakemia. Leo neno la lugha ambayo ukoloni uliisukuma ukingoni linatamkwa katika maabara za Japani, Ujerumani na Marekani.

Tukio hili linakanusha dhana ambayo bado ina wafuasi katika vyuo vyetu, kwamba lugha za wenyeji hazina la kuchangia katika istilahi za sayansi ila kupokea. Moshi ulitambuliwa kuwa ishara kutokana na kichaka cha Afrika, na jina la kemikali yake likatoka katika lugha ya wenyeji wa Australia. Kilichohitajika ni mtafiti aliyekuwa tayari kusikiliza neno lililokuwapo.

5. Kitenzi -ota na Wenzake

Tukirejea Kiswahili, tunakutana na jambo ambalo pengine halina mfano wake katika lugha nyingi. Kitenzi -ota kina matumizi matatu yaliyozoeleka. Mbegu huota ardhini. Mtu aliyelala huota ndoto. Mtu anayehisi baridi huota moto au jua. Kichaka cha Audouinia kinayakutanisha matumizi yote matatu: mbegu iliyolala, moto uliopita karibu, na mche unaozuka. Mtunzi wa mashairi angefurahi. Mwandishi wa kitabu cha biolojia atakuwa na wasiwasi, kwani sentensi “mbegu iliota moto” inaweza kumchanganya mtoto wa darasa la sita.

Je, hii ni homonimia au ni polisemia? Tukisema ni homonimia, tunamaanisha kuwa ni maneno matatu tofauti yaliyokutana katika umbo moja. Tukisema ni polisemia, tunamaanisha kuwa ni neno moja lenye maana zinazohusiana. Unyambuaji unatupa ushahidi. Kutokana na -ota ya mbegu tunapata uoto, kama katika uoto wa asili, na -otesha, kama katika kuotesha miche kitaluni. Kutokana na -ota ya usingizi tunapata ndoto. -Ota ya moto haina nomino iliyozoeleka. Kila maana ina ukoo wake wa maneno, na koo hizo haziingiliani: uoto haumaanishi ndoto, wala ndoto haimaanishi mimea. Ushahidi huu unaelemea upande wa homonimia. Aidha, unatuonyesha njia ya kuondoa utata katika uandishi wa kisayansi. Badala ya kukitegemea kitenzi peke yake, mwandishi atumie minyambuliko ambayo haina utata: uotaji wa mbegu, kuotesha, uoto.

Tofauti ya pili ni kati ya kuota na kuchipua. Katika mazungumzo ya kawaida tunayabadilisha maneno haya bila kujali. Katika vichaka vya Cape haiwezekani. Baada ya moto, baadhi ya mimea hutoa machipukizi kutoka katika mashina au mizizi iliyosalia chini ya udongo. Mmea ni ule ule, umepata matawi mapya. Mingine hufa kabisa, na kizazi kipya hutoka katika mbegu. Mimea ya kundi la kwanza inachipua, ya kundi la pili inaota. Wasimamizi wa hifadhi wanahitaji kuitofautisha, kwa sababu moto ukirudi mapema mno, kundi la pili ndilo linaloangamia: miche haijakomaa, haijatoa mbegu, na akiba iliyokuwa udongoni imekwisha. Kiswahili kimekwisha kutupa maneno mawili. Kilichobaki ni sisi kuyawekea mpaka na kuuheshimu.

6. Kufukiza, Kutohoa na Kasoro ya “Moshini”

Kitendo cha kuziweka mbegu katika moshi ili ziamke kiitweje? Mwandishi mwenye haraka atatafsiri kutoka lugha ya kigeni na kusema “matibabu ya moshi”. Hakuna haja. Mwambao umekuwa na kitenzi cha kazi hii kwa karne nyingi. Moshi hufuka, anayeuelekeza juu ya kitu kwa kusudi hufukiza. Nguo hufukizwa kwa udi, nyumba hufukizwa kwa ubani, na chetezo ndicho chombo cha kazi hiyo. Kufukiza mbegu ni upanuzi wa maana ambao msikilizaji yeyote wa Lamu au Mombasa ataufahamu bila kufafanuliwa.

Hata hivyo, tahadhari moja inahitajika. Kufukiza hakuhusu moshi pekee. Mtu mwenye mafua hujifukiza kwa mvuke wa majani yaliyochemshwa, na neno hilo lilivuma sana mwaka 2020 wakati wa janga la korona. Moshi na mvuke ni vitu viwili tofauti kikemia, na mvuke wa maji matupu hauna ile kampaundi inayotokana na kuungua. Kwa sababu hiyo istilahi kamili iwe ufukizaji wa mbegu kwa moshi.

Isitoshe, kitendo chenyewe si kigeni kwa wakulima wetu. Katika nyumba nyingi za mashambani, mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu waharibifu. Watafiti wa KwaZulu-Natal wameuchunguza uhifadhi wa aina hii wakitaka kujua iwapo moshi pia huathiri nguvu ya mbegu kuota. Ilikwisha kuonyeshwa katika miaka ya 1990 kuwa hata mbegu za saladi, mboga ambayo haitoki katika nyika zinazoungua, zinaweza kuitikia moshi. Kwa hivyo mwalimu anayefundisha mada hii kijijini anaweza kuanzia juu ya meko ya mwanafunzi wake.

Tuligeukie sasa neno fynbos. Njia ya kwanza ni kulitafsiri: “kichaka chembamba”. Tafsiri hii inapotosha, kwa kuwa wembamba ni wa majani wala si wa kichaka. Njia ya pili ni kueleza: “vichaka vya eneo la Cape vyenye majani membamba na vinavyoungua mara kwa mara”. Maelezo haya ni sahihi lakini ni marefu kupita kiasi kwa neno litakalorudiwa mara hamsini katika sura moja. Njia ya tatu ni kutohoa. Matamshi ya asili hukaribia “feinbos”. Kiswahili hupendelea silabi wazi, hivyo tunapata feinibosi, nomino ya ngeli ya I-ZI. Makala haya yanaipendekeza njia hii, kwa sharti kuwa neno lifafanuliwe linapotokea kwa mara ya kwanza. Uoto wa pekee una haki ya kuwa na jina la pekee.

Kuhusu karrikin, utohozi ni rahisi: karikini. Lakini mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuuliza: ikiwa Wanoongar wametoa neno lao la moshi, kwa nini nasi tusiliunde letu kwa kutumia moshi na kiambishi kile kile, tukapata “moshini”? Swali ni zuri, na jibu lake limo katika mofolojia ya Kiswahili. Kiambishi -ni tayari kina kazi ya kuonyesha mahali. “Moshini” ni ndani ya moshi, kama vile nyumbani ni mahali penye nyumba. Sentensi “mbegu ziliwekwa moshini” ingekuwa na maana mbili, moja ya mahali na nyingine ya kemikali, na katika maabara hiyo ni hatari. Karikini haina tatizo hilo kwa kuwa Kiswahili hakina nomino “kariki” inayoweza kuchukua kiambishi cha mahali. Hapa kukopa ni bora kuliko kubuni, na sababu yake inatolewa na lugha yenyewe.

Kwa muhtasari, makala haya yanapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) Feinibosi: uoto wa vichaka vya eneo la Cape vyenye majani membamba, unaoungua kwa vipindi.
(b) Uotaji: kitendo cha mbegu kutoa mche.
(c) Uchipuaji: kitendo cha shina au mzizi uliosalia kutoa matawi mapya.
(d) Usingizi wa mbegu: hali ya mbegu hai kutoota ingawa ina maji, hewa na joto linalofaa.
(e) Akiba ya mbegu udongoni: jumla ya mbegu hai zilizomo udongoni zikisubiri kuota.
(f) Ufukizaji wa mbegu kwa moshi: kuziweka mbegu katika moshi ili usingizi wake uishe.
(g) Maji ya moshi: maji yaliyopitishiwa moshi yakabeba kemikali zake.
(h) Karikini: familia ya kampaundi za moshi zinazochochea uotaji.

Si zote ni mpya, na si lazima zote zidumu. Mwaka 1990, mwaka ule ule De Lange na Boucher walipochapisha matokeo yao, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi kubwa ya aina hiyo huweka msingi, lakini sayansi haisubiri toleo lijalo la kamusi. Wenye kuujaza mwanya uliopo katikati ni waandishi wa makala, walimu na wanafunzi.

7. Mipaka ya Fundisho

Ingekuwa hatari kuyamaliza makala haya kwa kumwachia msomaji dhana kuwa moto ni neema popote uwakapo. Hata katika feinibosi yenyewe, moto una mizani yake. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 sera ilikuwa kuuzima kila moto, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 ambapo uchomaji uliopangwa ulianza kukubaliwa. Leo tatizo katika sehemu nyingi limegeuka. Miji imekaribia milima, watu ni wengi, na mioto inaweza kurudi kabla mimea haijazaa. Misonobari na mikesia ya Australia iliyoletwa na wakoloni imesambaa katikati ya vichaka, ikaongeza kuni na ukali wa moto.

Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioanzia kwenye miteremko ya mlima mjini Cape Town ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town na kuuteketeza ukumbi wa kusomea wa maktaba ya Jagger. Humo mlikuwamo sehemu kubwa ya mkusanyiko wa vitabu na filamu kuhusu Afrika. Vitabu havina akiba udongoni. Kurasa zilizoungua pale haziwezi kufukizwa zikaota tena, na msiba huo ni wa kila msomi wa lugha na tamaduni za Afrika. Mlima ule ule unaohitaji moto umekaliwa na vitu ambavyo moto ni adui yao, na jukumu la binadamu ni kujua mpaka uko wapi.

Vivyo hivyo, mafunzo ya Cape hayawezi kuhamishwa hadi pwani ya Kenya kama mzigo wa punda. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, si feinibosi. Miti yake haikukua katika mzunguko wa moto, na moto ukiingia humo huangamiza. Mwalimu anayeitumia mada hii darasani analazimika kulisema jambo hilo waziwazi. Methali ya moto na jivu bado ina kweli yake huku kwetu.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kichaka kisichofika kiunoni mwa mtu kinaweza kuipima lugha nzima. Kiswahili kina maneno ya kutenganisha moto, joto na moshi. Kina kuota na kuchipua. Kina kufukiza. Pale kisipokuwa na neno, kina utaratibu wa kulikopa na kulivisha silabi zake. Kinachopungua mara nyingi ni waandishi walio tayari kuzitumia tofauti hizo kwa uthabiti, sentensi baada ya sentensi, hadi zizoeleke.

Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu wanahimizwa kushirikiana na wenzao wa idara za botania na kemia, ambao mara nyingi wako jengo la pili tu. Kila mmoja achague mmea mmoja, akaueleze kwa Kiswahili kuanzia mbegu hadi ua, na achapishe istilahi atakazozihitaji ili wengine wazikosoe. Ni kazi ndogo kwa mtu mmoja, lakini ndiyo itakayoamua iwapo mtoto wa Kilifi au wa Cape Town atakayesoma sayansi kwa Kiswahili ataukuta ukweli au jivu.

Maswali ya Kutafakari

1. Kwa kutumia ushahidi wa unyambuaji, jadili iwapo -ota ni homonimia au polisemia. Je, ushahidi wa lugha nyingine za Kibantu unazojua unaunga mkono jibu lako?
2. Linganisha njia tatu za kulishughulikia neno fynbos. Je, ungekubaliana na umbo feinibosi? Toa sababu.
3. Taja majina mengine matatu ya kemikali ambayo, yakitoholewa kwa Kiswahili, yanaweza kuchanganywa na kiambishi cha mahali -ni. Utata huo unaweza kuepukwaje?
4. Eleza tofauti kati ya moshi, mvuke, ukungu na vumbi kwa njia itakayomfaa mwanafunzi wa sayansi wa shule ya msingi.
5. Chagua mmea mmoja wa eneo lako. Andika aya mbili kuueleza kwa Kiswahili, kisha orodhesha maneno uliyolazimika kuyabuni au kuyakopa.